Kauli Thabiti: Elimu ya Kusema Bila Woga na Bila Ubabe

Mashine inapoharibika, mafundi huifungua, hukitafuta kipuli kilichovunjika, kisha hukibadilisha. Lakini yako maafa yanayotokea ilhali mashine ni nzima na wataalamu wenye ujuzi mkubwa wamo kazini. Katika maafa ya namna hiyo, kinachokosekana aghalabu ni neno moja lililopasa kusemwa lisisemwe, au lililosemwa kwa unyonge hata likapita bila kusikilizwa. Jambo hili, ambalo zamani lilihesabiwa kuwa suala la tabia tu, limechunguzwa na wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne, na yaliyogunduliwa yana manufaa kwa rubani, muuguzi, karani, mwalimu na mwanafunzi pia.

Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana juu ya njia ya kurukia katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Zote mbili zilikuwa zimeelekezwa huko kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka katika kiwanja cha Las Palmas zilikokuwa zikienda. Watu 583 walipoteza maisha yao. Hadi leo haijatokea ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Wachunguzi walitaja sababu kadhaa: ukungu mzito, msongamano wa ndege katika kiwanja kidogo, na mawimbi ya redio yaliyoingiliana hata maneno muhimu yasisikike vizuri. Lakini mazungumzo yaliyonaswa katika chumba cha marubani wa KLM yalidhihirisha sababu nyingine. Rubani mkuu alikuwa mwalimu wa marubani, mtu mwenye sifa kubwa katika shirika lake. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kuwa ruhusa ya mnara ilikuwa bado, akangoja. Muda mfupi baadaye mnara ulitoa maelekezo ya njia ya kufuata angani, ambayo si sawa na ruhusa ya kuruka. Rubani mkuu akaanza kuondoka. Safari hii msaidizi wake hakumzuia. Mhandisi wa ndege, ambaye alikuwa ameisikia redio, aliuliza kama ile ndege ya Pan Am bado haijatoka njiani. Alijibiwa kwa mkazo kwamba imekwisha kutoka. Naye hakurudia. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana.

Watu wawili, basi, walikuwa na shaka iliyokuwa ya haki. Mmoja alinyamaza, na mwingine aliitoa shaka yake kwa sura ya swali, akaridhika na jibu.

Njia za kujieleza

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo, huzigawa namna za kujieleza katika mafungu matatu makubwa. La kwanza ni unyonge: mtu huificha haja yake au maoni yake ili asimuudhi mwenziwe. La pili ni ubabe: mtu huitimiza haja yake kwa kumdhalilisha au kumtisha mwingine. La tatu ni uthabiti: mtu huyasema wazi anayoyajua, anayoyahisi na anayoyataka, na wakati huo huo huitambua haki ya mwenziwe ya kufanya vivyo hivyo. Baadhi yao huongeza fungu la nne, ambalo ni mchanganyiko wa mawili ya kwanza: mtu hukubali kwa mdomo na kukataa kwa vitendo, akanuna, akachelewesha kazi, au akapiga vijembe vya pembeni.

Mfano mdogo utayaweka wazi mambo haya. Mwanafunzi amemwazima mwenzake kitabu cha Fizikia. Majuma mawili yamepita na mtihani umekaribia. Mwanafunzi mnyonge hasemi neno. Husoma kwa taabu katika daftari lake na kinyongo kinamjaa moyoni. Mbabe humwita mwenzake mwizi mbele ya darasa zima. Mpiga vijembe husema kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwamba siku hizi kuna watu hawajui maana ya kurudisha. Mwanafunzi thabiti humwendea mwenzake faraghani, akamwambia: “Ndugu yangu, kitabu changu cha Fizikia unacho kwa majuma mawili sasa. Nakihitaji kwa ajili ya mtihani. Naomba unirudishie leo jioni. Na kama hujamaliza, tukisome pamoja Jumamosi.”

Msomaji ataona kwamba kauli hii ya mwisho haina tusi wala haina kujipendekeza. Ina jambo lenyewe, sababu yake, ombi lililo wazi, na mlango kwa yule mwingine.

Mwili na woga

Elimu ya uthabiti ilianzia katika tiba. Mwaka 1949, Andrew Salter wa Marekani alichapisha kitabu kilichodai kwamba watu wengi wanaosumbuliwa na hofu wamezoeshwa tangu utotoni kuzizuia hisia zao, na kwamba mazoea hayo yanaweza kuondolewa kwa mazoezi. Mwaka 1958, Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1915, aliipa fikra hiyo msingi ulio imara zaidi. Mwaka 1970, Robert Alberti na Michael Emmons waliitoa katika zahanati na kuipeleka kwa watu wa kawaida kwa kitabu kilichosomwa na wengi.

Hoja ya Wolpe yaweza kuelezwa hivi. Mtu anapoogopa, hata kama anachokiogopa ni uso wa mkubwa wake tu, mwili hujiandaa kana kwamba umekutana na simba. Tezi zilizo juu ya figo humimina adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, pumzi hukatika, kinywa hukauka, na sauti hutetemeka. Lakini hali mbili za mwili zinazopingana haziwezi kutawala kwa nguvu sawa wakati mmoja. Mtu anayeonyesha hisia zake kwa utulivu na uwazi huupunguza woga wake kwa kitendo hicho hicho. Kila mara anapofanya hivyo na asipatwe na baya lolote, kifungo kati ya uso wa mkubwa na woga hulegea.

Kutokana na hoja hiyo hufuata kanuni ya kufundishia: mtu asianze na jambo analoliogopa kuliko yote. Aandike ngazi yenye vidato. Kidato cha chini chaweza kuwa kumwuliza mwenye duka bei ya kitu na kuondoka bila kununua. Kinachofuata ni kuuliza swali darasani. Cha juu kabisa ni kumweleza msimamizi kwamba hesabu zake zina kosa. Apande kidato kimoja kimoja, naye asihamie cha juu kabla cha chini hakijawa chepesi.

Nguvu ya kundi

Woga wa mkubwa si kizuizi pekee. Katika miaka ya 1950, Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, aliwakalisha vijana wa chuo katika vikundi, akawaonyesha mstari mmoja na kuwataka waonyeshe ulio sawa nao kwa urefu kati ya mistari mitatu. Jibu lilikuwa dhahiri. Lakini katika kila kikundi ni kijana mmoja tu aliyekuwa akipimwa; wengine walikuwa wamepatana na mtafiti kutoa jibu moja la uongo katika baadhi ya duru. Katika duru hizo, takribani theluthi moja ya majibu ya waliopimwa yalifuata kosa la kundi. Kiasi cha robo tatu ya vijana hao walifuata kundi angalau mara moja, ijapokuwa macho yao yaliona vingine.

Asch alifanya mabadiliko madogo: alimweka katika kikundi mtu mmoja aliyetoa jibu la kweli. Mara moja makosa ya kufuata kundi yakashuka hadi kiasi cha robo ya yale ya awali. Kwa hiyo, mtu anayeitamka kweli katika kikao hajitetei nafsi yake tu. Anawafungulia kinywa wengine walioiona kweli hiyo hiyo na wakadhani wako peke yao.

Mafunzo ya marubani

Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya DC-8 ya shirika la United ilizunguka karibu na mji wa Portland, Marekani, kwa muda wa kama saa moja, rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Mafuta yalikuwa yakipungua. Wasaidizi wake waliitaja hali ya mafuta, lakini hawakutamka waziwazi kwamba ndege isipotua mara moja itaanguka. Injini zilizimika, ndege ikaanguka kabla ya kufika kiwanjani, na watu 10 kati ya 189 wakafa.

Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilitoa pendekezo ambalo halikuwa la kawaida katika ripoti za ufundi: kwamba marubani wakuu wafundishwe kuongoza kwa kushirikisha wenzao, na kwamba wasaidizi wafundishwe uthabiti wa kusema. Mwaka 1979 shirika la NASA liliwakutanisha wataalamu kulijadili jambo hilo, na mwaka 1981 United ikaanzisha mafunzo kamili. Tangu wakati huo mafunzo ya aina hiyo yameenea katika mashirika ya ndege ulimwenguni.

Tunda lake lilionekana tarehe 19 Julai 1989. Injini ya mkiani ya ndege ya DC-10 ya shirika hilo hilo ilipasuka angani, ikakata mabomba yote ya mafuta ya kuendeshea usukani. Rubani mkuu, Al Haynes, hakujifanya mjuzi wa yote. Aliwasikiliza wasaidizi wake, akamkaribisha pia rubani mwalimu aliyekuwa abiria, naye akashika mitambo ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Ndege ilianguka ikitua Sioux City, lakini watu 184 kati ya 296 waliokoka. Haynes mwenyewe alisema baadaye kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowasaidia.

Chumba cha upasuaji

Fikra hiyo iliingia pia hospitalini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye mambo 19 ya kuhakikishwa katika upasuaji: kabla ya kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Mojawapo ni kwamba, kabla ya kisu kuanza, kila aliyemo ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Wapo watakaoliona jambo hili kuwa la mzaha. Lakini muuguzi aliyekwisha kusikika mara moja chumbani ni rahisi zaidi kwake kusema mara ya pili, na huenda mara hiyo ya pili ndiyo atakayosema kwamba dawa iliyoshikwa siyo.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Mingine ilikuwa pamoja na London, Toronto, New Delhi na Manila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Si haki kudai kwamba tofauti yote ilitokana na kusema; orodha ilihimiza pia dawa za kuzuia vijidudu na kuhesabu vifaa. Tena, uchunguzi wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, uliotolewa mwaka 2014, haukuona upungufu wa vifo ulio wa hakika baada ya orodha kuwekwa kwa amri. Huenda funzo lake ni kwamba karatasi ikitiwa alama tu, na wadogo wakaendelea kunyamaza, karatasi hiyo haitamwokoa mtu.

Heshima na ukweli

Baadhi ya wasomaji huenda wakauliza: je, elimu hii haipingani na adabu? Katika jamii za Waswahili mdogo humwamkia mkubwa, humwita kwa cheo, na hamkatizi maneno yake. Mtu anayemkosoa baba, mwalimu au mkuu wa kazi anaweza kuhesabiwa kuwa amekosa malezi.

Jibu ni kwamba adabu hukaa katika namna ya kusema, na ukweli hukaa katika jambo linalosemwa. Kosa hutokea pale mtu anapoulainisha ukweli wenyewe. Watafiti Ute Fischer na Judith Orasanu waliwauliza marubani wangesema nini iwapo dhoruba iko mbele yao. Marubani wakuu walielekea kutoa amri. Wasaidizi walielekea kudokeza. Kudokeza kwamba mawingu ya mbele yanaonekana mabaya si sawa na kusema, “Naomba tugeuke kulia sasa.” Mdokezo humwachia msikilizaji kazi ya kufasiri, na mtu mwenye shughuli nyingi hana nafasi ya kufasiri.

Kiswahili kimejaliwa vyombo vya kutosha kwa kazi hii. “Shikamoo,” “naomba,” “niwie radhi,” na “mkubwa wangu” ni maneno ya heshima yanayoweza kuitangulia kauli iliyo wazi kabisa bila kuipunguzia nguvu.

Hatua tano

Walimu wa marubani hufundisha kauli yenye hatua tano, na hatua hizo zinafaa popote. Kwanza, mwite mtu kwa jina au cheo chake ili akusikilize. Pili, eleza kwamba una wasiwasi. Tatu, litaje tatizo kwa ushahidi, si kwa lawama. Nne, pendekeza la kufanya. Tano, omba jibu.

Kazini, muuguzi atasema: “Daktari, nina wasiwasi. Kadi ya mgonjwa inaonyesha kwamba penisilini humdhuru, na sindano hii ni ya penisilini. Napendekeza tutumie dawa nyingine. Unakubali?” Asiposikilizwa, husema tena kwa mkazo zaidi, kisha hulifikisha jambo kwa mwingine mwenye mamlaka. Mhandisi wa Tenerife aliishia katika swali lake la kwanza.

Nyumbani, binti wa Kidato cha Nne ambaye baba yake anataka kumpeleka mjini kumsaidia shangazi mwezi wa Septemba, anaweza kusema: “Baba, nina jambo linalonisumbua, naomba unisikilize. Shangazi anahitaji msaada, nami nampenda. Lakini mtihani ni Novemba, na nikiondoka sasa sitaufanya. Naomba niende Desemba, nikae naye hadi matokeo yatoke. Unasemaje, baba?” Hakuna hakika kwamba baba atakubali. Lakini sasa ataamua akiwa anajua gharama ya uamuzi wake, na binti amempa njia ya kukubali bila kushindwa.

Kati ya marafiki, mbinu nyingine hufaa, nayo ni kuyarudia maneno yale yale kwa upole. Kijana anayeshurutishwa kunywa pombe akitoa udhuru kwamba anameza dawa, ataambiwa aianze kesho. Akisema hana fedha, atanunuliwa. Kila udhuru ni mlango wa hoja mpya. Lakini anayesema “Asante, sinywi,” na akirudiwa akajibu tena “Asante, sinywi,” hana mlango alioufungua.

Wajibu wa mkubwa na mipaka ya elimu hii

Ni kosa kuuweka mzigo wote juu ya mdogo. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, yaani ni juu yake kuyapokea hata yasiyopendeza. Mwaka 1996, Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza matokeo yaliyomshangaza kwanza yeye mwenyewe: katika wodi alizozichunguza, zile zenye uongozi mzuri zilikuwa na ripoti nyingi zaidi za makosa ya dawa. Ilionekana kwamba wauguzi wa wodi hizo hawakuyaficha makosa yao, kwa kuwa hawakuogopa kuadhibiwa kwa kusema kweli. Vivyo hivyo, darasa lisilo na maswali si lazima liwe limeelewa.

Mipaka nayo itajwe. Kauli thabiti haitoshi mbele ya mtu mwenye kupiga, wala mbele ya mtu mzima anayemsumbua mwanafunzi kwa tamaa zake. Aliyenyamaza kwa sababu alitishwa hana hatia. Hatia ni ya aliyemtisha. Katika hali hizo uthabiti ulio salama ni kuondoka na kumweleza mtu mzima anayeaminika, na wajibu wa kuzuia uovu ni wa wenye mamlaka na sheria.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulipima jambo hili bila vifaa. Awaambie wanafunzi kwamba kwa muda wa mwezi mmoja, katika kila kipindi, atatia ubaoni kosa moja la makusudi, na kwamba kazi yao ni kulisahihisha kwa hatua tano. Katibu wa darasa aandike kila siku dakika ngapi zilipita tangu kosa lilipoandikwa hadi mtu wa kwanza aliposema, na ni wanafunzi wangapi, kwa kura ya siri mwisho wa kipindi, waliliona kosa wakanyamaza. Mwisho wa mwezi darasa lichore grafu mbili, moja ya dakika na nyingine ya idadi ya walionyamaza, na lijadili kwa nini mistari hiyo imepanda au imeshuka. Aliyesahihisha apewe shukrani mbele ya wenzake kila mara, hata siku ambayo kosa alilolikuta halikuwa la makusudi.